"Nina mawazo" ni maelezo ya ugonjwa

Nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa daktari mwenzangu: "Sonona (depression, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha) ni ugonjwa wa Wazungu, ndiyo maana sisi hatuna hata neno lake." Jamani, kauli hii inaumiza watu.

Wagonjwa maneno wanayo. Wanasema nina mawazo, kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio, usingizi unakatika saa nane usiku. Wanapimwa malaria na presha, hakionekani kitu, wanarudishwa nyumbani na dawa za maumivu. Walishajieleza tangu sentensi ya kwanza!

Washona wa Zimbabwe husema kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi (kwao kufunga ni kufikiri). Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha Benchi la Urafiki huko Mbare, Harare: bibi waliofunzwa huketi na mgonjwa nje ya kliniki, wakitumia dodoso la maswali 14 lililotungwa kwa Kishona. Utafiti uliochapishwa 2016, wenye watu 573 katika kliniki 24, ulionyesha kuwa baada ya miezi sita dalili za waliokaa kwenye benchi zilikuwa zimepungua kuliko za wenzao ambao hawakukaa.

Lakini msikimbilie upande wa pili na kuandika "sonona" kila mtu akitaja mawazo. Kuna anayewaza kodi ya nyumba, na akiipata analala. Kuna mwenye wasiwasi usiokuwa na sababu. Kuna aliyeacha kula, haoni raha hata akibeba mjukuu. Wote watakwambia "nina mawazo". Tena kwa wengi mawazo ndiyo ugonjwa, na ndiyo chanzo chake pia. Kwa hiyo ukimwambia "usiwaze sana" umemlaumu kwa kuugua. Muulize anawaza nini, tangu lini, anakula, analala. Muulize waziwazi kama amewahi kuwaza kujiua. Swali hilo halimtii mtu wazo hilo kichwani.

Kinachonisumbua ni PHQ-9, fomu ya maswali tisa ya kupima sonona. Mpaka wake wa alama 10, ambao kuanzia hapo mtu anahesabiwa huenda ana sonona, ulipatikana kwa wagonjwa wa Marekani, nasi tunautumia kwa tafsiri ya Kiswahili. Sina hakika kwamba mama mwenye alama 9, anayelia mbele yangu kwa mawazo, ana nafuu kuliko mwenye 12. Huyo wa 9 nampangia arudi baada ya wiki mbili, hata kama kwa fomu hajafika mpaka.