Nywele hazivuti samaki: yanayosemwa mwaloni kuhusu ualbino

"Dili hilo linapita!" Mtu mwenye ualbino akikatiza mtaani Mwanza, kuna anayemrushia neno hili na kucheka. Kwake ni utani. Anayerushiwa hawezi kucheka, kwa sababu Kanda ya Ziwa watu kama yeye wamekatwa mikono na wengine wameuawa, na wauaji waliwaita hivyo hivyo: dili, yaani kitu cha kuuzwa.

"Ukifuma nywele zao kwenye nyavu, sangara watajaa."
Sangara mwenyewe ni mgeni ziwani. Alipandikizwa miaka ya 1950 na 1960. Anapopungua, wavuvi wanazijua sababu: makokoro yanayozoa mpaka vichanga, nyavu za matundu madogo, mitumbwi inayoongezeka kila msimu. Nywele haziwezi kurudisha samaki aliyevuliwa kabla hajazaa. Anayeondoka na fedha ni mpiga ramli, na Januari 2015 serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji haya.

"Mama alitoka nje ya ndoa."
Hii inaniuma kuliko zote, maana huvunja nyumba siku mtoto anapozaliwa. Baba anaondoka, mama anabaki na kichanga na maneno ya mawifi. Kumbe kwa kawaida ualbino hutokea mtoto anaporithi vinasaba vyake kutoka pande mbili, kwa baba na kwa mama, ingawa wazazi wenyewe ni weusi na hawajui kama wanavyo. Wazazi wa namna hiyo, katika kila mimba, uwezekano ni mmoja kwa nne. Kwa hiyo baba anayekimbia anaikimbia damu yake.

"Hawafi, hutoweka tu."
Wanakufa kama sisi. Zipo familia zilizozika kwa siri, hata ndani ya nyumba, zikihofia wafukua makaburi. Wengi huondoka mapema kwa saratani ya ngozi, ugonjwa unaoweza kuzuilika kwa kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kukinga jua. Losheni hiyo hutengenezwa hata hapa nchini, kule Moshi. Mafuta ya kawaida ya kupaka hayakingi jua, na kwetu jua ni la ikweta.

"Darasani ni mzito."
Ni macho. Ualbino hupunguza uoni, na miwani mara nyingi husaidia kiasi tu, haimalizi tatizo. Mtoto akikalishwa nyuma haoni ubao, anapata sifuri, anaitwa mjinga. Mwalimu amsogeze mbele, mbali na dirisha lenye mwanga mkali, na amwandikie kwa herufi kubwa.

"Hawezi kazi."
Kuanika dagaa juani kutwa ni kumuumiza, hilo kweli. Lakini kushika mizani, kuhesabu magunia na kutunza daftari chini ya paa, anaweza kama mwingine yeyote. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya watu wenye ulemavu, na nchini kwetu ualbino unahesabiwa humo. Wenye maghala na viwanda vya samaki, tazameni orodha zenu za mishahara. Yumo hata mmoja?