Je, wajua kwa nini mtu mzima hawezi kuachana na mdoli wa utotoni?

Kwenye rafu, kati ya kamusi na picha ya harusi, wamesimama watu sita wa plastiki. Mmoja hana mkono. Mwingine rangi ya uso imefutika hadi macho hayaonekani. Mwenye rafu ana miaka hamsini na watoto wakubwa, na amehama nyumba mara nne. Kila alipohama aligawa vitu, akauza vingine, akatupa vingine, ila hawa sita alisafiri nao. Mwambie utamnunulia wapya, wazima, wa aina ile ile. Atakushukuru, kisha atakataa.

Watu wa namna hii ni wengi Marekani na Uingereza, hasa waliokuwa watoto miaka ya 1970 na 1980. Hawana maghala ya midoli. Wana sita, wana kumi, vya kutosha boksi moja la viatu. Na swali lao ni la kweli: kitu kilichotolewa kiwandani kwa maelfu, kila kimoja sawa na mwenzake, kinakuwaje hakina mbadala?

Midoli ya mashujaa ilianza mwaka 1964, kampuni ya Hasbro ya Rhode Island ilipomtoa G.I. Joe, askari wa inchi 12 mwenye viungo vinavyokunjika. Wenye kampuni waliogopa kwamba wazazi hawatamnunulia mtoto wa kiume kitu kinachoitwa mwanasesere, wakatunga jina jingine la kumtaja kama mtu wa vitendo. Kwa Kiswahili bado tunamwita mdoli au mwanasesere, na naona tuko sahihi, maana kazi anayoifanya moyoni mwa mtoto ni ile ile.

Kisha ikaja filamu ya Star Wars, Mei 1977. Kampuni ya Kenner ya Cincinnati, iliyokuwa na haki ya kutengeneza midoli yake, haikutegemea ingependwa kiasi kile, na Krismasi ilipofika hakukuwa na mdoli hata mmoja wa kuuza. Wakauza bahasha ya kadibodi yenye hati ndani. Mtoto alifungua zawadi akakuta karatasi, akaituma kwa posta, akangoja. Midoli minne ya kwanza ilianza kufika majumbani mapema 1978. Fikiria mtoto wa miaka saba anayemvizia tarishi kila siku. Kabla mdoli hajaguswa, tayari ana historia na mwenyewe.

Kimo chake nacho kilichangia mno: takriban sentimita 9.5. G.I. Joe wa mwanzo alikuwa mkubwa, wa kuchezewa nyumbani. Huyu mdogo aliingia kwenye kiganja na kwenye mfuko wa suruali. Alikwenda shule, alikwenda kwa bibi, alizama kwenye beseni la kuogea, alikaa kando ya sahani. Alikuwepo.

Na kuwepo huko ndiko kiini cha jibu. Mwaka 2008 wanasaikolojia Bruce Hood na Paul Bloom walichapisha jaribio zuri mno. Waliwaonyesha watoto wa miaka mitatu hadi sita kifaa chenye masanduku mawili na taa, wakawaambia ni mashine ya kunakili vitu. Ukiweka kitu upande huu, kingine kama hicho kinatokea upande ule. (Ilikuwa mchezo tu, vitu pacha viliandaliwa kabla.) Kwa vitu vya kawaida, watoto wengi walikuwa radhi kuchukua nakala. Lakini waliokuja na kile kidude chao cha kulala nacho, blanketi au mdoli, wengi walitaka chao kirudi, na wengine hawakukubali hata kiingizwe kwenye mashine. Mtoto mdogo kiasi hicho, ambaye hajafundishwa na mtu, tayari anajua kwamba vitu viwili vinaweza kufanana kila upande na bado kimoja tu kikawa chake.

Daktari wa watoto na mwanasaikolojia wa Uingereza, Donald Winnicott, alikuwa ameliona jambo hili tangu mwaka 1951, alipoeleza kuhusu kitu cha kwanza ambacho mtoto hukimiliki kati yake na mama. Alitaja jambo ambalo kila mzazi analijua: kitu hicho huachwa kichakae na hata kinuke, kwa sababu kukifua ni kukata uzi. Kikirudi kisafi, mtoto hakitambui.

Blanketi, hata hivyo, hufariji tu, na nadhani hapo shujaa wa plastiki analizidi. Mtoto wa miaka sita huamrishwa kutwa nzima: amka, kula, nyamaza, lala. Akikaa sakafuni na watu wake wadogo, yeye ndiye anayeamua nani ashinde, nani afe na nani afufuke baada ya chai. Sauti zote ni zake. Kiwanda kilitoa plastiki. Woga, ushujaa na maneno vilitiwa na mtoto. Kwa hiyo anapomshika tena akiwa na miaka hamsini, anashika kazi ya akili yake mwenyewe, na hiyo haiuzwi dukani.

Mlango mwingine ni pua. Habari za macho na masikio hupitia kwanza kituo cha ubongo kiitwacho thalamasi ndipo zisambazwe. Harufu hufika karibu moja kwa moja kwenye sehemu za hisia na kumbukumbu, yaani amigdala na hipokampasi. Plastiki laini huchanganywa na vilainishi ambavyo huvuja polepole kwa miaka, ndiyo maana boksi la zamani likifunguliwa lina harufu yake ambayo haipatikani kwingine. Kampuni ya Mattel, waliomtoa mdoli shujaa He-Man mwaka 1982, walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1985 walimtoa Stinkor, mhalifu mfano wa kicheche, wakatia mafuta ya pachuli, mmea wenye harufu kali, ndani ya plastiki yenyewe. Hadi leo ananuka. Ukimnusa umerudi kwenye chumba fulani, mchana fulani, kabla hujapata hata muda wa kufikiri.

Sasa linganisha na soko. Mwaka 2024 mdoli wa Kenner wa Boba Fett, mhusika wa Star Wars, anayerusha roketi, aliuzwa mnadani Marekani kwa dola 525,000. Ni sampuli ya mwaka 1979 ambayo haikuwahi kufika madukani, kwa sababu ilihofiwa kwamba roketi ingemkaba mtoto kooni. Maana yake ni kwamba mdoli mmojawapo wa bei kubwa kuliko yote haukutengenezwa uishie mikononi mwa mtoto. Mnada hulipia usafi. Kila mkwaruzo hupunguza bei. Kwa mwenye rafu yetu hesabu inakwenda kinyume, kwa kuwa mkwaruzo ndio ushahidi kwamba mdoli huyu ndiye yule.

Ndiyo maana matengenezo yao ni kazi ya uangalifu. G.I. Joe wadogo wa kuanzia mwaka 1982 wameunganishwa kiunoni na mpira mmoja wa duara. Baada ya miongo mpira huo huoza, na siku moja ukimwinua shujaa wako anagawanyika vipande viwili mkononi. Wanaowatunza hufungua skrubu ya mgongoni, huvisha mpira mpya, huwafunga tena, na hakuna anayehisi amepata mdoli mwingine. Uso ni ule ule, kidole kilichokatika ni kile kile.

Ukiwa nao, waweke mbali na jua, kwani plastiki nyeupe hugeuka njano. Usiwaweke pia kwenye joto la darini wala ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, ambamo vilainishi hujikusanya na kuwafanya wanate. Vumbi litoe kwa maji ya uvuguvugu na mswaki laini. Ukikuta alama ya jino kwenye mguu, ipitishie maji tu, usiisugue.