Kile kijiti cha kwenye hogo la mtoto sio mpini jamani

Mtoto akifanyiwa upasuaji wa nyonga anaweza kufungwa hogo, yaani ile plasta ngumu (POP), toka kifuani mpaka miguuni, mara nyingi na kijiti katikati ya miguu, sasa kila mgeni akija anakishika hapohapo anamnyanyua mtoto kama ndoo ya maji. Jamani hapana! Kile kijiti kipo ili miguu ikae imepanuka, ukikivuta hogo linapasuka na nyonga inaweza kuhama tena. Mnyanyue kwa mikono miwili, mmoja chini ya mgongo mwingine chini ya makalio, na hogo ni zito kweli, kiuno chako kitakwambia.

Na hii ya "alale chali tu asiguswe" nayo si kweli, mgeuze kila baada ya masaa machache mchana, hata kifudifudi ukiwa karibu yake, visigino visigandamizwe.

Pampasi ziwe mbili, ndogo unaichomeka ndani ya ule uwazi wa hogo katikati ya mapaja, kubwa unaifunga juu ya hogo, maana mkojo ukishaingia ndani hiyo harufu mtakaa nayo wiki nzima nzima. Vidole vya miguu vikivimba, vikiwa vya baridi au vya bluu, usisubiri siku ya kliniki, nenda hospitali usiku huohuo.