Je, wajua mpiga drams wa Def Leppard anapigaje kwa mkono mmoja?

Weka wimbo wa kawaida wa roki, uhesabu moja hadi nne. Kwenye moja na tatu utasikia "du", ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu wa kulia. Kwenye mbili na nne ni "ka", mlio mkavu wa snea, ngoma ndogo iliyo mbele ya mpigaji. Huyo "ka", kwa wapiga drams wengi, ni kazi ya mkono wa kushoto. Ukiondoa mkono huo, wimbo unapwaya.

Rick Allen alijiunga na Def Leppard, bendi ya Sheffield, Uingereza, mwaka 1978, akiwa na miaka 15 tu. Tarehe 31 Desemba 1984 gari lake, Corvette, liliacha njia karibu na mji huo, mkono wake wa kushoto ukakatika. Madaktari waliuunga, ukapata maambukizi, ikabidi uondolewe.

Hapo ndipo mguu wa kushoto ulipopandishwa cheo. Kwa kawaida mguu huo hauna makuu: hukanyaga pedali ya kufunga na kufungua matoazi mawili, basi. Allen akiwa bado kitandani alianza kupigapiga midundo kwa miguu, akaona kumbe midundo yote bado anayo kichwani. Kampuni ya Simmons ikamtengenezea drams za umeme zenye pedali kadhaa upande wa kushoto. Akikanyaga hii, snea inalia. Akikanyaga ile, inalia tomu, ngoma nyingine ya seti hiyo. Mkono wa kulia unazunguka kwingine kote.

Albamu ya Hysteria ya mwaka 1987 imeuza nakala zaidi ya milioni 20, lakini tusidanganyane: drams zake nyingi zilipangwa kwa mashine studio. Kwa hiyo mtihani wenyewe ulikuwa jukwaani. Mwaka 1986, kwenye maonyesho madogo Ireland, Jeff Rich, mpiga drams wa bendi ya Status Quo, aliwekwa apige sambamba naye, kwa tahadhari. Siku moja Rich akachelewa. Allen akaanza peke yake, na Rich alipofika na kusikiliza, akaona hana tena kazi pale.

Tarehe 16 Agosti mwaka huohuo, kwenye tamasha la Castle Donington, kiti cha drams kilikuwa kimoja.