Gari la kutegemeka: la ndani au la nje?

Gari la kutegemeka ni lile linalofanya kazi mwaka baada ya mwaka bila kuharibika ovyo, mradi linapata huduma kwa wakati. Wanunuzi wengi hulichanganya na gari rahisi kutengeneza. Gari la ndani, yaani la kampuni ya nchi yako, mara nyingi spea zake ni tele na mafundi wamelizoea, kwa hiyo likiharibika halilali gereji muda mrefu. Huo ni unafuu wa matengenezo tu. Kama linarudi kwa fundi kila baada ya miezi michache, halitegemeki hata kama spea zinauzwa mlangoni.

Halafu hayo mambo ya ndani na nje yenyewe yamevurugika. Huko Marekani, ambako ubishi huu ni wa miaka mingi, Honda ilianza kuunda Accord jimboni Ohio mwaka 1982, na Toyota inaunda Camry Kentucky tangu 1988. Wakati huohuo yapo magari yenye nembo za Kimarekani yanayoundwa Mexico. Ukitaka kujua, soma namba ya chesisi: ikianza na 1, 4 au 5, gari limeundwa Marekani, 3 ni Mexico, J ni Japani.

Kisa ninachokipenda ni cha kiwanda cha NUMMI, Fremont, California, ubia wa General Motors na Toyota ulioanza uzalishaji mwaka 1984. Humo zilitoka Geo Prizm, yenye nembo ya General Motors, na Toyota Corolla, magari yaliyokuwa pacha chini ya bodi, yakifungwa na wafanyakazi walewale. Lakini Prizm iliyotumika iliuzwa kwa bei ya chini kuliko Corolla. Waliolijua hilo walijinunulia Corolla kwa bei ya nembo isiyo na jina!

Takwimu nazo zisomwe kwa makini. J.D. Power, kampuni ya utafiti ya Marekani, huwauliza wamiliki wa magari ya miaka mitatu, kisha huhesabu matatizo kwa kila magari 100. Simu ikigoma kuungana na skrini, hilo ni tatizo moja. Giaboksi ikifa, nalo ni moja. Ndiyo maana wastani wa kampuni nzima haunishawishi sana.

Angalia Ford Focus za 2012 hadi 2016 zilizouzwa Marekani. Zenye giaboksi ya otomatiki ya klachi mbili zilikuwa zikitetemeka na kusitasita wakati wa kuondoka, mpaka wamiliki wakaishtaki kampuni. Zenye gia za mkono hazikuwa na ugonjwa huo, ingawa nembo ni ileile na mwaka uleule. Kwa hiyo muuzaji akianza kusifia nchi lilikotoka gari, mwulize ni injini gani na giaboksi gani, kisha tafuta wamiliki wa mwaka huohuo wanalalamikia nini. Modeli mpya iliyo katika mwaka wake wa kwanza, mimi ningeiacha wengine waijaribu kwanza, iwe ya ndani au ya nje.