Orodha za revizia: sensa za kale na nasaba za Wajerumani wa Volga

Orodha za revizia ni hesabu za watu zilizofanywa katika Dola ya Urusi, kaya baada ya kaya, ili serikali ijue wanaume wa kutozwa kodi ya kichwa na wa kuingizwa jeshini. Ya kwanza ilianza mwaka 1719, zama za Tsar Peter I, na ya kumi, ambayo ndiyo ya mwisho, ilifanyika mwaka 1857 na 1858. Sensa ya jumla, kwa maana tuliyoizoea leo, haikufanyika huko hadi mwaka 1897.

Wanaozihitaji sana leo ni wazao wa Wajerumani wa Volga. Mababu zao, wengi wakiwa wakulima na mafundi kutoka Hesse, Ujerumani, na maeneo ya jirani, waliitikia mwaliko wa Catherine II, malkia wa Urusi, wa mwaka 1763, ulioahidi ardhi, uhuru wa dini na msamaha wa kudumu wa utumishi wa jeshi. Kati ya mwaka 1764 na 1767 walianzisha vijiji zaidi ya 100, vilivyoitwa makoloni, katika eneo la Saratov, kando ya Mto Volga nchini Urusi. Msamaha ule ulipofutwa mwaka 1874, maelfu walihamia Marekani, Argentina na Brazil, na huko ndiko vitukuu wao wanakoanzia kuuliza asili yao.

Mtafiti aliyeko Marekani kwa kawaida huanza na sensa za huko. Sensa ya mwaka 1920 humtambulisha mtu wa jamii hii kwa urahisi, kwa kuwa mahali pa kuzaliwa pameandikwa Urusi ilhali lugha ya mama ni Kijerumani, na mwaka wa kuingia nchini umetajwa pia. Sensa ya mwaka 1890 iliharibiwa na moto mwaka 1921 na karibu yote ikapotea, hivyo familia iliyofika baada ya mwaka 1880 haionekani hadi sensa ya mwaka 1900. Upungufu mkubwa zaidi ni kwamba sensa hizi kwa kawaida hutaja nchi tu, wala hazitaji kijiji, ilhali orodha za revizia zimepangwa kwa makoloni. Kwa hiyo jina la koloni halina budi kupatikana kwanza, aghalabu katika vitabu vya kanisa, matangazo ya vifo au orodha za abiria wa meli. Asiyelijua atapekua majina yanayofanana bila mwisho.

Thamani ya orodha za revizia imo katika namna zilivyoandikwa. Katika orodha za mwaka 1834, 1850 na 1857, wanaume huwa ukurasa wa kushoto na wanawake ukurasa wa kulia. Kila mwanamume ameandikiwa umri aliokuwa nao katika hesabu iliyotangulia, kisha umri wake wa sasa. Kama alifariki au alihama katikati, mwaka wa tukio hilo umetajwa. Mwanamume aliyekuwa na miaka 12 mwaka 1816 anapaswa kuonekana na miaka 30 mwaka 1834, miaka 46 mwaka 1850 na miaka 53 mwaka 1857. Karani alitaka tu kuhakikisha kwamba hakuna mlipakodi aliyepotea kati ya hesabu mbili, lakini kwa kufanya hivyo aliunganisha vizazi, na ndiyo maana naziona orodha hizi kuwa bora kuliko sensa nyingi za kisasa, ambazo kila moja husimama peke yake.

Jina la baba huandikwa pamoja na jina la mtu, jambo la msaada mkubwa katika koloni lenye kina Johannes wengi wa ukoo mmoja. Majina yenyewe yanahitaji uangalifu, kwa sababu makarani wa Kirusi waliandika herufi G mahali pa H ya Kijerumani: Heinrich akawa Genrikh, na ukoo wa Hahn ukawa Gan.

Upande wa wanawake ni mgumu zaidi, nami nalisema hili kwa masikitiko, kwani nusu ya kila ukoo hutoka huko. Orodha ya mwaka 1811 iliwahesabu wanaume peke yao, na zile za baadaye mara nyingi humtaja mke bila ukoo alimozaliwa. Ndiyo sababu sensa ya makoloni ya mwaka 1798 inathaminiwa mno: humtaja mke kwa jina la ukoo wa baba yake na, alipoolewa kutoka kwingine, huonyesha koloni alikotoka. Kutoka hapo mtafiti hurudi hadi orodha za walowezi wa kwanza za mwaka 1767, ambazo mara nyingi hutaja dini, kazi na mahali familia ilikotoka Ujerumani. Akishapata jina la mahali hapo, ataendelea na vitabu vya ubatizo na ndoa vya parokia husika, ambavyo vingi huanza karne ya 17.