Gari ya kifahari imeshuka bei, mbona bima yake haijashuka?

Hili swali tunaulizwa sana sisi tunaokaa upande wa bima, na anayeuliza mara nyingi anakuwa ameshakasirika kidogo. Mtu kanunua gari ya kifahari iliyotumika, kapata kwa bei nzuri, pengine robo ya ile iliyouzwa ikiwa mpya, akija kukata bima kubwa anaambiwa kiasi ambacho kinakaribia kile cha jamaa mwenye gari mpya ya kawaida, au kinapita kabisa. Anahisi anapigwa. Sasa ngoja tuelezane hii hesabu inavyokwenda maana ukiijua utakasirika mapema, yaani kabla hujatoa hela ya gari, na hapo ndo hasira inasaidia.

Kwenye bima kubwa, ile inayokufidia na wewe mwenyewe na sio yule uliyemgonga peke yake, hesabu inaanzia kwenye thamani ya gari mara asilimia fulani. Tuseme gari ni ya milioni 100 na asilimia ni 4, premiamu, yaani hela unayoilipa kampuni ya bima, inakuja milioni 4 kabla ya kodi na vikorokoro vingine. Wengi wanaishia kuangalia ile milioni 100 tu, wakati mchezo wote uko kwenye ile asilimia. Anayeipanga hajiulizi gari umenunua shilingi ngapi, anajiuliza ikigongwa itakula kiasi gani mpaka irudi barabarani, inagongwa mara ngapi, na inaibiwa mara ngapi. Bei uliyonunulia haijibu hata swali moja kati ya hayo.

Chukua ajali ya kijinga kabisa, ile ya kurudi nyuma parking ukagusa nguzo, au mtu kakugusa kwa mbele kwenye foleni. Gari ya kawaida unanyoosha bampa, unapiga rangi, jioni unaondoka. Sasa kwenye sedani kubwa ya kifahari nyuma ya hiyo bampa kuna sensa za kuegesha, kuna kamera, na mara nyingi kuna rada inayopima umbali wa gari iliyo mbele yako ili breki zijikanyage zenyewe ikibidi. Rada hiyo inasoma kupitia plastiki ya bampa, kwa hiyo fundi akipaka puti nene au rangi juu ya rangi pale mahali inaweza isisome sawasawa, ndo maana baadhi ya watengenezaji wanakataza kabisa kuziba bampa eneo hilo, wanataka ubadilishe mpya. Ukishabadilisha hujamaliza, rada na kamera lazima zisetiwe upya kwa mashine maalum, na kama zikikosea kidogo tu gari inaweza kukanyaga breki pasipo na kitu au ikaacha kukanyaga palipo na mtu.

Taa nazo hivyo hivyo. Zamani taa ikivunjika unabadilisha kioo na globu. Hizi za LED za kisasa ni boksi zima lililofungwa, ndani kuna kompyuta yake na mota zake, kikipasuka kile kisikio kidogo cha kushikia mara nyingi unanunua boksi zima. Kioo cha mbele ndo usiseme, kina kamera pale nyuma ya kioo cha kujitazamia, kina sensa ya mvua, na kama gari inakuonyesha spidi kwenye kioo basi hicho kioo kimetengenezwa kipekee ili usione namba mbili mbili, ukiweka cha kawaida kinaingia vizuri tu ila namba zinakuwa na kivuli. Watu wanafungiwa vioo vya namna hiyo halafu wanarudi kulalamika kwetu.

Kuna kitu kingine ambacho hakionekani kwa macho, bodi yenyewe. Audi walitoa A8 ya bodi ya alumini mwaka 1994, Jaguar wakafuata na XJ ya mwaka 2003, Range Rover ile iliyotoka 2012 ikawa alumini pia. Gari inakuwa nyepesi, inakimbia vizuri, safi. Ila alumini huinyooshi kama chuma. Inataka zana zake peke yake na sehemu yake peke yake ndani ya gereji, kwa sababu vumbi la chuma likibaki juu ya alumini linaanza kuila. Na vipande vyenyewe vingi vimeungwa kwa gundi na riveti, sio kulehemu. Gereji zenye uwezo huo ni chache, na zinajua ni chache, kwa hiyo bei ya saa moja ya fundi sio ile unayoijua wewe. Hapo sijagusa breki za kauri wala bodi za nyuzi za kaboni, huko ndo kabisa.

Sasa turudi kwa ndugu yetu aliyenunua gari iliyotumika. Gari za kifahari, hasa sedani kubwa, zinashuka thamani vibaya sana miaka ya mwanzo, mnunuzi wa kwanza ndo anaubeba huo mzigo. Lakini spea hazijui kama gari imezeeka. Taa ya gari ya miaka nane inauzwa bei ya taa, basi. Fanya hesabu: gari ilikuwa milioni 200 ikiwa mpya, leo iko milioni 50. Imegongwa ubavuni na matengenezo ni milioni 30. Ikiwa mpya hayo ni asilimia 15 ya thamani, bima inatengeneza mambo yanaisha. Leo hayo hayo ni asilimia 60, na kampuni nyingi zikifika kiwango kama hicho zinaona heri zikulipe thamani ya gari zichukue mabaki. Maana yake ajali ile ile, dereva yule yule, gari imeonekana imekufa. Kwa hiyo gari ikizidi kuzeeka thamani inashuka ila asilimia inapanda, na kuna kampuni gari ikifikisha umri fulani wanakataa kuikatia bima kubwa kabisa, watakupa ile ya kumlipa mtu wa tatu tu. Mtu anadhani anabaguliwa, hapana, ni hesabu tu imegoma.

Kama unadhani haya ni mambo ya kampuni moja moja kujiamulia, angalia wenzetu walivyoyapanga. Uingereza kwa miaka mingi wametumia makundi ya bima kuanzia 1 mpaka 50, na mambo yanayoamua ni bei ya spea, muda wa matengenezo, mwendo wa gari na ulinzi wake dhidi ya wizi, bei ya gari ikiwa mpya ni kigezo kimoja tu katikati ya vingine. Ujerumani wana utaratibu ninaoupenda zaidi, chama cha makampuni ya bima kila mwaka kinatoa madaraja kwa kila modeli, na yanatenganishwa. Daraja la madhara kwa wengine linaanzia 10 mpaka 25, la bima kubwa linaanzia 10 mpaka 34. Inawezekana kabisa modeli moja ikawa chini kwenye lile la kwanza kwa sababu wenye nazo wanaendesha kwa adabu, halafu ikawa juu sana kwenye la pili kwa sababu ikiguswa tu ni balaa. Kwa hiyo mtu akikwambia mimi ni mtu mzima naendesha taratibu, ni kweli na inasaidia, ila inasaidia upande mmoja.

Wizi nao. Gari nyingi za kifahari zinafunguka na kuwaka bila kuchomeka ufunguo. Wezi wakagundua kwamba wakiwa na vifaa viwili, mmoja anasimama karibu na mlango wa nyumba mwingine karibu na gari, wanaivuta ile signo, yaani mawimbi, ya ufunguo uliolala ndani mezani, gari inadhani mwenyewe amefika, inafunguka inawaka inaondoka. Uingereza hali ilifika mahali wenye Range Rover, hasa London, walikuwa wananyimwa bima au wanatajiwa bei ya kutisha, mpaka mtengenezaji mwenyewe JLR mwaka 2023 akaanzisha bima yake na akatangaza kutoa zaidi ya pauni milioni 10 kuboresha ulinzi wa gari za zamani. Ufunguo ukiuweka kwenye kimfuko cha kuzuia signo unapunguza hatari, ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na gari yenyewe na bado watu hawana.

Kwa zile gari za juu kabisa kuna jambo la ndani ambalo wateja hawaambiwi. Kila kampuni ya bima ina kikomo cha hasara moja inachoweza kubeba, zaidi ya hapo inabidi itafute kampuni za bima mtawanyo, zile zinazokatia bima kampuni za bima zenyewe, zigawane hatari, gari kwa gari. Ndo maana unaweza kuambiwa subiri siku kadhaa wakati jirani na gari yake ya kawaida kakatiwa dakika kumi. Hakuna anayekuzungusha, kuna watu wengine inabidi wakubali kwanza. Kwa hiyo ukinunua gari ya namna hiyo usiiondoe showroom kabla hujapata jibu la maandishi, mimi hili nalisema kila siku.

Halafu ujue tofauti ya thamani ya soko na thamani ya makubaliano. Ya soko ni kwamba gari ikiibiwa unalipwa ile bei yake ya siku hiyo, sio uliyonunulia. Ya makubaliano mnakaa, mtathmini anaikagua, mnaandika kiasi, na kiasi hicho ndo kinalipwa ndani ya kipindi cha bima. Kwa gari adimu hii ya pili ni ya lazima ukiniuliza mimi. Mfano mzuri ni Rowan Atkinson, yule mchekeshaji wa Uingereza, aliyenunua McLaren F1 mwaka 1997 kwa pauni 640,000. Mwaka 2011 akaigonga vibaya, bima ikalipa pauni 910,000 za matengenezo, yaani zaidi ya alivyoinunulia! Ukiangalia bei ya kununulia unaona wamechanganyikiwa, lakini gari ilikuwa imepanda thamani kiasi kwamba kuitengeneza ndo ilikuwa nafuu, na mwaka 2015 iliuzwa pauni milioni 8.

Sedani yako sio McLaren F1 lakini, kwa hiyo usijipe moyo.

Kosa ninaloliona linawaumiza watu wengi ni kushusha thamani ili premiamu ipungue. Gari ni ya milioni 100, mtu anaandikisha milioni 60, anaona kaokoa. Gari ikipata ajali ya milioni 20 anategemea milioni 20. Mkataba mwingi una kipengele cha uwiano: umekata bima ya asilimia 60, utalipwa asilimia 60 ya hasara, milioni 12, na hapo bado hawajatoa eksesi, kile kiasi cha mwanzo unachobeba mwenyewe. Iliyobaki ni juu yako na fundi wako.

La pili ni kuficha matumizi. Gari inakodishwa harusini kila wikiendi ila kwenye fomu imeandikwa matumizi binafsi. Au anayeendesha ni kijana wa miaka 21 lakini aliyeandikwa dereva mkuu ni baba yake kwa sababu ana rekodi nzuri. Au injini imeongezwa nguvu kwa programu na hakuna aliyeambiwa. Kwenye bima kusema ukweli wote ni wajibu wa mteja, na mambo haya huwa hayachunguzwi siku ya kukata bima, yanachunguzwa siku ya kleimu, yaani siku unayodai fidia, asesa anayekagua hasara akichomeka kompyuta kwenye gari na kusoma kilichomo. Wakati huo kujieleza ni shida.

Na usichanganye bima na waranti, ile dhamana ya gari ikiharibika yenyewe. Mfuko wa hewa wa shoki ukivuja gari ikalala upande mmoja, hiyo sio ajali, ni uchakavu, hakuna kitu. Gia kufa, skrini kuzima, hakuna kitu. Kupita kwenye maji mengi injini ikayanywa ni eneo la ubishi mkubwa, wengine wanalipa wengine wana kipengele cha kukataa, soma chako. Matairi na rimu zikipigwa na shimo peke yake mara nyingi hazimo, na kwenye gari hizi rimu moja ni hela ya kueleweka.

Premiamu unaweza kuishusha kihalali. Kubali eksesi kubwa kidogo kama una akiba ya kuilipa, maana ukiweka kubwa halafu huna, gari itakaa gereji. Funga kifaa cha kufuatilia gari kinachotambuliwa na kampuni, sio chochote tu. Sema ukweli kuhusu kilomita, kama gari inatoka mara chache mwezi wapo wanaopunguza. Linda punguzo lako la kutodai, lile unalopewa usipodai fidia, mkwaruzo mdogo bora ulipe mwenyewe. Na kabla hujanunua mpelekee broka au wakala modeli, mwaka na namba ya chesisi akutajie bei, ikiwa gari imeingizwa kutoka soko lingine mwambie pia kwa sababu spea zake huenda zikatofautiana na zile zilizozoeleka.

Neno moja kwa wasio na gari hizi. Bima yako ya mtu wa tatu inaweza kuwa na kikomo cha uharibifu wa mali, na taa mbili na bampa ya gari ya kifahari vinaweza kukivuka, kinachozidi unadaiwa wewe. Kuongeza hicho kikomo kwa kawaida hakuna gharama kubwa. Kaangalie kwenye karatasi yako kimeandikwa kiasi gani.